Jalidi Kwenye Bawa, Dawa Kwenye Damu

Mnamo tarehe 4 Januari 2002, saa sita na dakika saba mchana, ndege ndogo ya injini mbili aina ya Challenger 604 ilikuwa ikiondoka katika uwanja wa Birmingham, nchini Uingereza. Ilikuwa inaelekea Bangor, katika jimbo la Maine, Marekani. Ndani yake walikuwamo watu watano: marubani wawili na wengine watatu. Ndege ilikimbia kwenye njia ya kurukia kama kawaida, ikainua pua, magurudumu yakaacha ardhi, na papo hapo ikaanza kulalia upande wa kushoto. Usukani ulizungushwa hadi mwisho upande wa kulia, lakini ndege haikutii. Ncha ya bawa la kushoto ikagusa ardhi, ndege ikapinduka juu chini, ikaburuzika na kushika moto. Hakuna aliyepona.

Siku hiyo hapakuwa na dhoruba wala theluji iliyokuwa ikianguka. Upepo ulikuwa dhaifu na injini zote mbili zilikuwa nzima. Ndege yenyewe ilikuwa imewasili jioni iliyotangulia kutoka Marekani, ikalala nje katika maegesho usiku kucha huku halijoto ikishuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Asubuhi ndege nyingine kadhaa uwanjani hapo zilinyunyiziwa kimiminika cha kuyeyusha barafu kabla ya kuruka. Hii haikunyunyiziwa. Kinasa sauti cha chumba cha marubani kilihifadhi mazungumzo mafupi kuhusu jalidi iliyokuwa kwenye ukingo wa mbele wa bawa, kisha mazungumzo yakahamia kwenye mambo mengine.

Tawi la serikali ya Uingereza linalochunguza ajali za ndege lilifikia hitimisho lenye sehemu tatu. Ya kwanza ni kwamba marubani hawakuhakikisha kuwa mabawa yamesafishwa jalidi. Ya pili, mparuzo wa uso wa bawa uliotokana na jalidi hiyo ulifanya bawa lipoteze uwezo wa kuibeba ndege mapema mno, kabla hata mtambo wa tahadhari haujatambua hatari. Ya tatu ndiyo inayolihusu jarida hili: huenda utendaji wa marubani ulipunguzwa na mchanganyiko wa mambo matatu, yaani dawa inayouzwa bila cheti cha daktari, kuvurugika kwa saa ya mwili kutokana na safari ndefu, na uchovu. Dawa yenyewe ilikuwa difenihidramini. Wengi huijua kama dawa ya mzio na mafua, na wengi zaidi huimeza bila kuijua jina, kwa kuwa imo ndani ya vidonge vingi vya kutuliza maumivu vinavyoelezwa kuwa ni vya usiku.

Umande ulioganda

Jalidi ni umande ulioganda. Wakulima wa nyanda za juu, kama vile Njombe na Makete nchini Tanzania au Limuru na Kericho nchini Kenya, wanaifahamu vizuri kwa sababu huunguza viazi na majani ya chai kwa usiku mmoja. Hutokea zaidi katika usiku mkavu usio na mawingu, ambapo vitu vilivyo wazi hupoteza joto lake kuelekea angani na kuwa baridi kuliko hewa inayovizunguka. Bawa la ndege, ambalo ni bati pana na jembamba, hupoa upesi sana. Mvuke ulio hewani ukiligusa, huganda na kuacha utando mweupe wenye chembe ndogo ndogo.

Utando huo ni mwepesi. Mtu anaweza kuukwaruza kwa ukucha, na uzito wake hauiongezei ndege mzigo wa kuhesabika. Hatari yake ni kukwaruza kwake. Bawa huibeba ndege kwa sababu hewa huteleza juu ya mgongo wake ikiwa imeushikilia. Mgongo ukiwa na mparuzo, hewa huachana nao mapema na ile nguvu ya kuinua hutoweka ghafla. Mamlaka za anga za Marekani zimekuwa zikiwaeleza marubani kwa miaka mingi kwamba barafu au jalidi isiyozidi unene na mparuzo wa karatasi ya msasa inaweza kupunguza nguvu ya kuinua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Ndege kubwa za abiria nyingi zina vibao vinavyochomoza kwenye ukingo wa mbele wa bawa ili kuisaidia hewa ishikamane. Challenger haina vibao hivyo. Bawa lake ni laini, zuri kwa mwendo wa kasi, na halisamehe uchafu.

Birmingham kulikuwa na jambo jingine la kusikitisha. Wachunguzi waliona uwezekano kwamba hewa ya moto kutoka kwenye injini ndogo ya nyuma, ile inayowapa umeme ndege ikiwa imeegeshwa, ilipeperushwa kuelekea upande wa bawa la kulia na kuliyeyushia jalidi yake, ilhali bawa la kushoto likabaki na jalidi. Mabawa mawili yasiyolingana ni hatari kuliko mawili yaliyoharibika sawasawa, kwa kuwa moja linapoacha kubeba jingine huendelea kuinuka.

Jambo hili lilikuwa likifahamika tangu zamani. Hata hivyo, kanuni za Marekani za wakati huo ziliruhusu baadhi ya ndege kuruka zikiwa na jalidi iliyosuguliwa hadi ikawa laini, ruhusa ambayo mtu akiisoma leo hushangaa ilidumu vipi. Iliondolewa kwa kanuni iliyoanza kutumika mwezi Januari 2010. Kati ya ajali ya Birmingham na kuondolewa kwa ruhusa hiyo, ndege nyingine ya jamii ya Challenger ilianguka ikiruka Montrose, Colorado, tarehe 28 Novemba 2004, baada ya kuondoka katika hali ya theluji bila kusafishwa mabawa. Watu watatu kati ya sita walifariki. Wachunguzi wa Marekani walitaja pia uzoefu mdogo wa marubani hao katika majira ya baridi.

Kwa wapenzi wa kandanda, ajali ya njia ya kurukia wakati wa baridi ina jina moja tu: Munich, tarehe 6 Februari 1958. Ndege iliyoibeba timu ya Manchester United kutoka Belgrade ilisimama Munich kujaza mafuta. Ilijaribu kuruka mara mbili ikaahirisha, na mara ya tatu ikapita mwisho wa njia, ikavunja uzio na kugonga nyumba. Watu 23 kati ya 44 walipoteza maisha. Uchunguzi wa kwanza wa Ujerumani ulilaumu barafu ya mabawani, na lawama ikamwangukia nahodha wa ndege. Ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi uchunguzi wa Uingereza ulipothibitisha kwamba kosa lilikuwa chini ya magurudumu: tope la theluji iliyoanza kuyeyuka. Ndege ilikuwa imefikia kasi ya noti 117, yaani zaidi ya kilomita 215 kwa saa, kisha badala ya kuongeza kasi ikarudi nyuma hadi noti 105, kama mtu akimbiaye ufukweni anapoingia majini. Hospitali ya Rechts der Isar iliwapokea majeruhi. Mchezaji kijana Duncan Edwards aliishi siku 15 zaidi. Figo zake zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi, na mashine ya kusafisha damu ikaletwa kutoka Freiburg, wakati ambapo mashine za namna hiyo zilikuwa chache kote Ulaya. Alifariki tarehe 21 Februari. Rubani msaidizi alifuata mwezi Machi kutokana na jeraha la ubongo.

Tofauti ya Munich na Birmingham ni kwamba Munich hakuna jicho la rubani ambalo lingeweza kupima kwa uhakika tope lile lingeivuta ndege kiasi gani. Elimu yenyewe ilikuwa bado haijakomaa. Birmingham jalidi ilikuwa inaonekana, na imetajwa kwa sauti. Swali la kitabibu linaanzia hapo. Ni kitu gani kinachomfanya mtu mwenye ujuzi aione hatari, aitaje, kisha aiache ipite?

Kidonge cha usiku

Difenihidramini ni miongoni mwa antihistamini za kizazi cha kwanza, zilizoanza kutumika katika miaka ya 1940. Histamini ni kemikali ya mwili yenye kazi nyingi. Puani na kwenye ngozi, ndiyo inayoleta chafya, muwasho na uvimbe wa mzio. Ubongoni ina kazi tofauti kabisa: ni mojawapo ya kemikali zinazomweka mtu macho. Chembe za neva zinazoitoa hufanya kazi mchana, hupunguza kasi usiku, na hunyamaza mtu anapokuwa usingizini. Antihistamini za zamani hupenya kwa urahisi ukuta unaotenganisha damu na ubongo, zikakaa kwenye vipokezi vya histamini na kuizuia isifike. Pua hukauka, na taa za ubongo nazo hufifia. Watengenezaji waliligeuza dosari hilo kuwa bidhaa: dawa ile ile iliyoandikwa kuwa ya mzio iliwekwa kwenye paketi nyingine na kuitwa ya usingizi.

Shida ni kwamba dawa haiondoki mwilini kwa sababu tu kumepambazuka. Wafamasia hupima kasi ya dawa kutoka kwa kutumia nusu-maisha, yaani muda ambao kiasi cha dawa kilichomo kwenye damu hupungua hadi nusu. Kwa difenihidramini, mtu mzima wa kawaida huhitaji saa 4 hadi 9, na mzee huhitaji zaidi. Aliyemeza kidonge saa tano usiku anaweza kuamka saa mbili asubuhi akiwa bado na nusu ya dawa hiyo kwenye damu. Uchunguzi wa picha za ubongo uliofanywa Japani umeonyesha kuwa saa kumi na mbili hivi baada ya kumeza miligramu 50, sehemu kubwa ya vipokezi vya histamini ubongoni bado imekaliwa na dawa. Hapo mtu amekwisha oga, amekunywa chai na yuko kazini.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba mwenyewe huenda asijue. Mwaka 2000 watafiti wa Iowa, Marekani, walichapisha jaribio walilolifanya kwa madereva 40 wenye mzio, wakiwaweka kwenye gari la maigizo lenye barabara ya kwenye skrini. Kila dereva alipitia hali nne kwa nyakati tofauti: miligramu 50 za difenihidramini, antihistamini ya kizazi kipya iitwayo feksofenadini, pombe ya kufikisha kiwango cha asilimia 0.1 hivi katika damu, na kidonge kisicho na dawa. Walipopewa feksofenadini waliendesha karibu sawa na walipopewa kidonge kisicho na dawa. Walipopewa difenihidramini waliendesha vibaya kuliko walipokuwa wamelewa. Walipoulizwa wanajihisi kusinzia kiasi gani, majibu yao hayakutabiri vizuri namna walivyoendesha. Mtu aliyekuwa ameharibikiwa zaidi si lazima ndiye aliyejiona mchovu zaidi.

Kwa hiyo ushauri uliozoeleka dirishani mwa duka la dawa, ule wa «ukisikia usingizi usiendeshe», una tundu kubwa katikati yake. Unamkabidhi mgonjwa kipimo ambacho dawa yenyewe imeshakiharibu.

Kinachopungua kwanza si nguvu ya kushika usukani. Ni uwezo wa kushikilia mambo mawili akilini kwa wakati mmoja, kuona kitu kisicho cha kawaida na kukifuatilia hadi mwisho, kubadili mpango uliokwisha pangwa. Mtu huendelea kufanya yale aliyoyazoea kwa ufasaha: husoma orodha ya ukaguzi, huzungumza na mnara, huwasha injini. Kile kinachohitaji kusita, kugeuka na kusema «hebu tusubiri» ndicho kinachoteleza. Haiwezekani kuthibitisha kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa Birmingham, na ndiyo maana wachunguzi walitumia neno «huenda». Lakini picha hiyo inaoana na yale ambayo dawa hii hujulikana kuyafanya.

Saa mbili katika mwili mmoja

Ipo sababu ya watu wanaosafiri mbali kuvipenda vidonge hivi. Birmingham iko mbele ya Atlanta kwa saa tano wakati wa baridi. Msafiri aliyetoka Atlanta na kufika Birmingham jioni, akitaka kulala saa tano usiku kama wenyeji, mwili wake bado uko saa kumi na mbili jioni. Hapati usingizi. Akiamka saa mbili asubuhi ya Birmingham, mwili wake uko saa tisa usiku, wakati ambapo joto la mwili linakaribia kiwango chake cha chini kabisa na umakini wa akili nao huwa chini. Na saa sita mchana, ndege ikiwa mwanzoni mwa njia ya kurukia, ndani ya mwili wa mtu huyo ndiyo kwanza saa moja asubuhi.

Saa hiyo ya mwili si msemo tu. Ipo katika hipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, ambapo kifungu cha chembe za neva huongoza mapigo ya siku nzima kwa kupokea habari za mwanga kutoka machoni. Hudhibiti utoaji wa melatonini, joto la mwili, homoni na hata kazi ya ini. Haigeuzwi kama saa ya mkononi. Kwa kawaida husogea kwa saa moja hivi kwa siku, na kusogea kuelekea mashariki huwa kugumu kuliko kuelekea magharibi, kwa sababu mwili wa binadamu hukubali kuchelewa kulala kwa urahisi kuliko kuwahi. Mtu aliyekaa Birmingham usiku mmoja tu kimsingi bado yuko Atlanta.

Hivyo basi kidonge cha usingizi kinachomezwa katika hali hiyo kinaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Mtu hulala, ndiyo, lakini saa yake ya ndani haijasogea, na asubuhi anaamka akiwa katika kina cha usiku wake huku dawa ikiendelea kumvuta chini. Uchovu wa safari huongezeka juu ya hayo. Kila kimoja peke yake kingeweza kuvumilika. Vikikutana, havijumlishwi tu, kila kimoja hukifanya kingine kuwa kizito zaidi.

Wanaovitumia si wachache. Mwaka 2014 bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri ilichapisha uchambuzi wa vipimo vya damu na tishu vya marubani zaidi ya 6,000 waliofariki katika ajali kati ya 1990 na 2012. Wengi wao mno walikuwa wa ndege ndogo za binafsi. Dawa iliyoongoza kwa kuonekana, miongoni mwa zile zinazoweza kupunguza uwezo wa kuendesha, haikuwa bangi wala kokeni. Ilikuwa difenihidramini. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo sasa humtaka rubani aliyemeza dawa hii asubiri saa 60 kabla ya kurusha ndege. Mtu anayeona kuwa siku mbili na nusu kwa kidonge kimoja cha mafua ni kupita kiasi, na akumbuke hesabu ya nusu-maisha: dawa huhitaji nusu-maisha tano hivi hadi ibaki kidogo mno, na kanuni za usalama huwekwa kwa kumfikiria yule ambaye mwili wake huisafisha polepole.

Dirishani mwa duka la dawa

Mhudumu wa afya wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba habari hii haimgusi, kwa kuwa hana rubani katika orodha ya wagonjwa wake na jalidi haianguki Dar es Salaam. Dawa za jamii hii, hata hivyo, ziko katika kila duka la dawa. Klorofeniramini, ambayo wateja wengi huiita Piriton hata kama paketi imeandikwa jina lingine, huombwa kwa mafua, kikohozi, muwasho, kuumwa na wadudu, na mara nyingi kwa ajili ya kumlaza mtoto msumbufu. Nusu-maisha yake kwa mtu mzima ni ndefu kuliko ya difenihidramini, ikifika saa 20 hivi. Prometazini, inayotolewa kwa kutapika na kichefuchefu, inalaza zaidi. Dawa nyingi za maji za kikohozi zina mojawapo ya hizi ndani yake, na mteja hupewa chupa hiyo pamoja na vidonge vya mafua bila yeyote kugundua kwamba amepewa dawa ile ile mara mbili.

Wanaomeza dawa hizi ni dereva wa basi la mikoani anayeondoka alfajiri, kijana wa bodaboda, fundi wa mashine ya kusaga, mlinzi wa usiku, na muuguzi mwenyewe anayeingia zamu. Swali moja linatosha kubadili kinachotolewa: «Kesho asubuhi utakuwa unafanya kazi gani?» Kwa mwenye mzio anayeendesha chombo, loratadini na feksofenadini ni chaguo bora, kwa sababu hazipenyi ubongoni kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Setirizini iko katikati; ni ya kizazi kipya lakini baadhi ya watu huwaletea usingizi, na marubani wa Marekani hawaruhusiwi kurusha ndege wakiwa wanaitumia. Kwa mafua ya kawaida, ni vyema kusema ukweli: antihistamini ya zamani hukausha pua kidogo na haifupishi ugonjwa hata kwa siku moja.

Wazee wanastahili neno la pekee. Dawa hizi huzuia pia asetilikolini, kemikali inayohusika na kumbukumbu, kibofu na utumbo. Mzee aliyepewa vidonge viwili vya kumpa usingizi anaweza kuamka akiwa amechanganyikiwa, hawezi kukojoa, au akaanguka njiani kwenda msalani na kuvunjika nyonga. Familia ikimleta hospitalini ikisema babu ameanza kupoteza fahamu ghafla, mfuko wa dawa alizomeza uangaliwe kabla ya kufikiri ugonjwa mkubwa. Na atakayechanganya dawa hizi na pombe, au na diazepamu, asifikirie kwamba amejiongezea usingizi tu. Kupumua nako hupungua.

Sumu isiyo na harufu

Ndege ndogo za injini za pistoni zina hatari nyingine ya msimu wa baridi ambayo haipo katika ndege kama ile ya Birmingham. Joto la chumbani katika nyingi kati yake hutokana na hewa inayopitishwa kuzunguka bomba la moshi la injini. Bomba likiwa na ufa, kaboni monoksidi huingia pamoja na joto. Haina rangi wala harufu, na dalili zake za mwanzo, yaani kuumwa kichwa, kichefuchefu na uzito wa mawazo, hufanana na uchovu au mafua. Tarehe 21 Januari 2019 ndege ya injini moja iliyokuwa ikimsafirisha mchezaji wa Argentina, Emiliano Sala, kutoka Nantes kwenda Cardiff ilianguka baharini. Vipimo vilionyesha kuwa asilimia 58 ya hemoglobini yake ilikuwa imeshikwa na gesi hiyo, kiwango kinachomfikisha mtu kwenye degedege, kupoteza fahamu na hata moyo kusimama. Wachunguzi waliona kuwa rubani naye huenda alikuwa ameathirika kwa kiasi fulani.

Gesi hii hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na ni ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani katika miji yenye baridi ya Afrika Mashariki. Mhudumu anayempokea mgonjwa wa namna hiyo asidanganywe na kifaa cha kubana kidoleni. Kifaa cha kawaida hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu, hivyo kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekufa. Historia ndiyo kipimo cha kwanza: jiko, jenereta, gari lililowashwa ndani ya banda, wanafamilia kadhaa kuumwa kichwa asubuhi moja. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu huchukua saa 4 hadi 6 kutoka. Mgonjwa akipewa oksijeni safi kwa barakoa yenye mfuko, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Oksijeni ianze kutolewa mara moja, kabla ya majibu ya maabara, na isiondolewe kwa sababu tu kidole kimeonyesha tarakimu nzuri.